Usiniulize Ni Riwaya ya Aina Gani

Mwaka huu nimeombwa mara tatu nipendekeze kitabu, na mara zote tatu nimetaja kilekile. Na mara zote tatu, kabla sijamaliza hata kulitamka jina la mwandishi, nimeulizwa: "Ni cha aina gani?"

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kikundi chetu cha kusoma, tunaokutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa chai, maandazi na ubishi. Nikasema ni riwaya ya mwanamke wa mwaka 1976 anayejikuta ghafla kwenye shamba la watumwa mwaka 1815. Kaka mmoja akanikatiza: "Aa, hizo za kuruka miaka mimi siziwezi, mambo ya sinema hayo." Dada aliyekaa pembeni yake akasema yeye habari za utumwa zimemchosha. Kwa hiyo mmoja alikikataa kwa kuwa ni cha kisayansi, mwingine kwa kuwa ni cha kihistoria, na wote wawili walikuwa hawajakifungua. Tukasoma kitabu kingine. Hata sikumbuki kilihusu nini.

Mara ya pili ni mhariri mmoja wa kurasa za utamaduni, niliyempelekea uhakiki. Akanirudishia na ujumbe mfupi kwamba hajui auweke wapi. "Dada yangu, msomaji lazima ajue anachopakuliwa." Mara ya tatu ni muuza vitabu. Yeye alikuwa nacho, nakala moja, imebanwa kwenye rafu ya vijana kati ya vitabu vya majini na vitabu vya vyombo vya anga. Nilipomwambia hapo si mahali pake akaniuliza, kwa nia njema kabisa, basi akiweke wapi. Nikakosa jibu. Nikakinunua ili tusiendelee kubishana.

Kitabu chenyewe ni Kindred, cha Octavia E. Butler, kilichotoka Marekani mwaka 1979. (Mwaka huohuo huku kwetu Adam Shafi alitoa Kuli. Ulikuwa mwaka mzuri kwa msomaji.) Jina lake maana yake ni jamaa, watu wa damu moja. Dana ni mwandishi mweusi anayeishi California. Tarehe 9 Juni 1976, siku anayotimiza miaka 26, yeye na mumewe Kevin, mzungu na mwandishi kama yeye, wanapanga vitu kwenye nyumba waliyohamia. Kizunguzungu kinamshika. Anapopata fahamu yuko karibu na mto, na mtoto wa kizungu mwenye nywele nyekundu anazama. Anamwokoa. Baba wa mtoto anamwelekezea bunduki, Dana anaona amekwisha, na hofu ile ndiyo inayomrudisha nyumbani akiwa amelowa na ana matope. Kwa saa ya Kevin zimepita sekunde chache tu.

Mtoto anaitwa Rufus Weylin, mwana wa mwenye shamba na watumwa huko Maryland. Kila Rufus anapokaribia kufa, Dana anavutwa kwake. Kila Dana anapoamini kwamba anakufa yeye, anarudi. Safari sita. Kwa kalenda ya California ni chini ya mwezi mmoja, kwa Rufus ni umri mzima. Na mapema tu Dana anagundua kwa nini anavutwa yeye na si mtu mwingine: huyu mtoto ni babu wa mababu zake. Jina lake limo kwenye Biblia ya ukoo. Lazima aishi mpaka azaliwe binti yake anayeitwa Hagar, la sivyo ukoo wa Dana haupo.

Sasa angalia kitu kimoja. Wakati kizunguzungu kile cha kwanza kinamshika, Dana alikuwa anapanga vitabu kwenye kabati. Tena kabati la hadithi peke yake, maana vitabu vyao ni vingi na lazima pawe na utaratibu. Historia imemnyakua akiwa anapanga rafu! Sijui kama Butler alikusudia utani. Mimi nilicheka niliposoma mara ya pili; mara ya kwanza sikujua ninaingia wapi.

Wachapishaji kadhaa walikikataa. Walishindwa kuelewa hadithi ya kisayansi inatafuta nini kwenye shamba la watumwa. Butler mwenyewe alikuwa akisema kitabu hiki si cha kisayansi kwa sababu moja rahisi: hakina sayansi. Ni kweli. Hamna mashine, hamna profesa mwenye nywele timtim, hamna hata sentensi moja inayoeleza safari zinatokeaje. Alikiita fantasia, tena fantasia ya huzuni na ukali. Beacon Press walipokitoa upya mwaka 1988 wakakiweka kwenye mfululizo wa waandishi wanawake weusi. Kwa hiyo ukihesabu, ni cha kisayansi, cha kihistoria, fantasia, cha watu weusi, cha wanawake, na kwa muuza vitabu wangu ni cha vijana.

Mtaniambia lebo zina kazi yake. Zina kazi, sikatai. Mwenye duka hawezi kumwaga vitabu sakafuni kama mitumba ya Karume tukachambue. Na mimi nilisoma fasihi chuo kikuu, nilikaririshwa tanzu na kumbo mpaka nikaziota. Ninachokataa ni swali la "aina gani" likiulizwa kabla ya kusoma, na jibu lake likageuzwa kuwa sababu ya kutosoma. Kwa kitabu hiki swali lile ni ngao kabisa. Tunalishika mbele yetu ili kitabu kisitufikie.

Nieleze. Riwaya ya kihistoria, hata iliyoandikwa vizuri, inakupa umbali. Unasoma mtumwa anachapwa, unaumia, lakini moyoni kuna sauti inakwambia hao ni watu wa kale, walishazoea. Hakuna anayeisema sauti hii kwa kinywa, ila ipo. Butler ameiua kwa hila moja tu: amempeleka kule mtu ambaye hajazoea. Dana anavaa suruali. Anajua aspirini. Kwenye mfuko aliojifunga mwilini ana sabuni na kisu. Amesoma vitabu kuhusu utumwa, anajua tarehe, anajua vita vya wenyewe kwa wenyewe vitakuja na utumwa utakwisha. Ujuzi wote huo haumsaidii siku bwana Tom Weylin anapomkuta na kitabu na kumpiga mjeledi mpaka anatapika.

Halafu, na hapa ndipo nililazimika kukifunga kitabu nikatoka nje kidogo, anazoea. Si kwa mara moja. Anaanza kujua jiko linaendaje, nani ni nani, bwana asemeshwe vipi. Siku moja anajikuta akiiona nyumba ya Weylin kuwa ndiyo nyumbani. Mwanamke wa 1976, msomi, mwandishi! Kuna sehemu yeye na Kevin (ambaye safari moja alimshika mkono wakaenda pamoja) wanawaona watoto wa watumwa wakicheza. Mchezo wenyewe ni mnada. Mmoja amesimama juu ya kisiki, mwingine anamnadi, na aliyenadiwa analalamika kwamba bei yake ni ndogo. Kevin anaona ni watoto tu, wanaiga wakubwa. Dana hawezi kuendelea kutazama. Na Kevin si mtu mbaya, ndiyo maana sehemu ile inauma. Ni mume mwema anayeona zama zile zingependeza kuishi, kwenda kuitazama nchi ya magharibi ikijengwa, kwa sababu ngozi yake inamruhusu kuwa mgeni mahali ambapo mkewe ni mali.

Niambieni, hayo ungeyaweza bila kumrusha mtu kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine? Ule unaoitwa upuuzi wa sinema ndio uti wa mgongo wa kitabu. Uondoe, unabaki na riwaya nzuri ya utumwa ambayo dada yetu wa Jumamosi angesema imemchosha. Na ukiondoa Maryland ya mpishi Sarah, aliyeuziwa watoto wake watatu ili mke wa bwana apate samani na vyombo vipya, akaachiwa mmoja tu, Carrie, kwa kuwa ni bubu na hana bei, unabaki na mchezo wa kuruka miaka.

Ila niwageukie pia wale wa upande wa pili, maana wako humuhumu. Wale wanaokisifu kwa kusema "hiki si cha kisayansi, hiki ni fasihi ya kweli." Wanadhani wanamsaidia. Butler aliandika hadithi za kisayansi maisha yake yote na hakuzionea haya. Mwaka uliofuata, 1980, alitoa Wild Seed, inayoanzia Afrika Magharibi ya karne ya 17 na ina mwanamke anayeweza kujigeuza mnyama, na mwaka 1995 alipata tuzo ya MacArthur akiwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kuipata. Ukikitoa kitabu kimoja rafuni kwa heshima ukaviacha vingine kumi vumbini, umevidharau vile kumi.

Na ugonjwa huu si wa Wamarekani. Sisi tuna Nagona na Mzingile za Kezilahabi, tuna Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumwonyesha mjukuu wake nchi ilivyoharibika. Tumezifanyia nini? Tumezibandika neno "majaribio", tumezitungia maswali ya mtihani, basi. Mtu akisikia majaribio anajua hapo hapasomwi kwa raha, hapo ni pa wanafunzi wa shahada. Au chukua Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934. Miaka nenda miaka rudi tumebishana kama ni riwaya au ni historia, na kama amewapamba mno Waingereza. Amewapamba, ndiyo. Lakini katikati ya ubishi ule tumesahau kuuliza jambo jepesi: huyu alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa utumwani, je, pwani nzima hii waliobaki watoto na wajukuu wao wako wapi, na mbona hawasemi?

Wako hapa. Mmoja anaandika makala hii, nadhani.

Nasema nadhani kwa sababu kwetu jambo hili halisemwi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Bagamoyo. Nikiwa na miaka tisa au kumi, kwenye maulidi, nilimsikia mama mmoja wa nyumba ya pili akisema kuhusu sisi, "hao si watu wa kuja tu." Nilimuuliza bibi, tumekuja kutoka wapi? Akaniambia kula pilau yako. Miaka mingi baadaye binamu yangu aliposwa, mambo yakaenda vizuri mpaka hatua ya mahari, kisha upande wa pili ukarudi nyuma. Sababu iliyoletwa na mshenga, kwa sauti ya chini, ilikuwa kwamba asili yetu haieleweki. Hii si hadithi ya karne ya 19. Mshenga alikuwa na simu janja mkononi.

Nilichokuja kuokota, kwa vipande, ni kwamba bibi wa bibi yangu aliletwa kutoka bara akiwa msichana, na kwamba alizaa na bwana wa nyumba. Kwa hiyo tunalo jina la bwana yule, tunalisema kwa maringo mpaka leo, na la bibi yule hatunalo. Tunaambiwa tu kwamba alikuwa "mke mdogo".

Sasa rudi kwenye Kindred. Alice ni mwanamke mweusi aliyezaliwa huru, rafiki wa Rufus tangu utotoni. Rufus anampenda, kwa namna anayojua yeye mtu anavyopendwa. Alice anaolewa na mwanamume mwingine, mtumwa, wanatoroka pamoja, wanakamatwa, anararuliwa na mbwa. Mumewe anauzwa mbali, na Rufus anamnunua Alice. Kisha anamwambia Dana akaongee naye: aje kitandani kwa hiari, kwa sababu asipokuja kwa hiari atakuja kwa kipigo. Na Dana anakwenda. Anaufikisha ujumbe. Anajua Hagar bado hajazaliwa, anajua bila usiku ule yeye mwenyewe hayupo. Sijawahi kusoma ukurasa unaokubana namna ile. Ukimlaumu Dana unataka afanyeje? Usipomlaumu, umekubali nini?

Huku kwetu tulikuwa na neno kwa mwanamke kama Alice: suria. Sheria zilitofautiana, na tusidanganyane kwamba ni kitu kilekile. Kule Maryland mtoto alifuata hali ya mama, kwa hiyo Hagar, binti wa bwana, alizaliwa mtumwa. Huku, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria akikubaliwa na bwana alizaliwa huru na alirithi kama watoto wengine. Watu wengi wa pwani wanaitaja tofauti hii kuonyesha kwamba utumwa wetu ulikuwa na huruma. Huruma kwa mtoto, labda. Na mama? Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria pembeni, wakahesabiwa kama wake. Waliingizwa kwenye uhuru mwaka 1909. Huku Tanganyika watumwa wote walisubiri mpaka 1922.

Umeona lebo inavyofanya kazi? Mwanamke aliyenunuliwa anaandikwa "mke", na jambo limekwisha. Hakuna wa kumkomboa, maana hakuna mtumwa.

Ndiyo sababu nakereka mtu akiniambia hiki ni kitabu cha Wamarekani weusi. Tunakwenda Mkunazini, tunasimama juu ya zile sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni, tunapiga picha, tunaondoka kula urojo Forodhani. Tunawalilia kwa dakika kumi kama wageni waliopita. Hatujiulizi katika ukoo wetu nani alikuwa ndani ya mnyororo na nani aliushika, kwa kuwa jibu kwa wengi wetu ni wote wawili. Dana hawezi kumchukia Rufus moja kwa moja, maana ni damu yake. Hawezi kumsamehe, maana anaona anachokifanya. Jina la kitabu linasema hivyohivyo, jamaa.

Butler alieleza mahali alikoanzia. Chuoni kulikuwa na kijana aliyejua sana historia ya watu weusi, ambaye alisema angetamani kuwaua wazee wote waliowakwamisha, ila ingebidi aanze na wazazi wake. Butler alimkumbuka mama yake, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba za wazungu huko Pasadena, aliyekuwa akiingilia mlango wa nyuma na kusemewa ovyo akanyamaza. Utotoni alimwonea aibu. Baadaye akaelewa kwamba kunyamaza kule ndiko kulikomlisha. Akaandika kitabu kinachomchukua mtu kama yule kijana, mwenye majibu yote, na kumwambia haya, kaishi huko wewe.

Mimi nilimwonea bibi aibu kwa kunyamaza. Ndivyo nilivyokuwa, na shahada yangu.

Kina kasoro? Kina. Lugha yake ni kavu, anayependa Kiingereza cha madoido atachoka mapema. Kevin anapoachwa kule kwa miaka mitano bila Dana, ningetaka kujua zaidi ilivyokuwa, na Butler anapita haraka. Tamthilia ya televisheni waliyoitengeneza mwaka 2022 iliishia msimu mmoja, sikushauri uanzie huko. Anzia kitabuni. Sentensi ya kwanza kabisa inakwambia Dana amerudi bila mkono mmoja, kwa hiyo hutasoma ili ujue kama atapona. Butler alisema hakuweza kumrudisha mzima.

Ile nakala niliyoinunua nilimpa binamu yangu, yuleyule wa posa. Hakuuliza ni ya aina gani. Alisoma nyuma ya jalada, akaitia kwenye mkoba. Siku nne baadaye akanipigia saa tano usiku. Alikuwa na swali moja. Kwenye Biblia ile ya ukoo wa Dana jina la Rufus limeandikwa, na aliyeandika ni Hagar, binti yake mwenyewe. Kwa nini basi hakuna mtu katika ukoo mzima aliyewahi kumwambia Dana kwamba Rufus alikuwa mzungu?

Nikamwambia Dana naye anajiuliza hivyohivyo.

Akakaa kimya, kisha akasema bibi mdogo wa Kaole bado yupo, ana miaka themanini na kitu lakini masikio mazima, na kumbukumbu anayo. Tumepanga kwenda Ijumaa hii, baada ya swala. Yeye anasema tumpelekee kanga na sukari, na tusianze kuuliza siku ya kwanza.